Tenti Iliyosimama Bombani

Jumatatu, 3 Machi

Lango limegongwa kabla sijanawa uso. Karo. Barua ya kazi Industrial Area. Mmoja anataka nimtolee kijana wake seli. Mwingine hakuwa na shida yoyote, alikuja tu kuniona nikiwa na bukta. Nimewasikiliza wote. Nimeahidi nusu. Nusu ya hiyo nusu nitakuwa nimeisahau kabla ya chai.

Halafu Mama Syombua, anayeuza sukuma wiki pale Bombani. Hakupanga foleni. Alisimama kando na leso kichwani, nikajua. Mumewe, Mzee Kimanzi, amekwenda. Figo. Jana jioni. Alikuwa mchonga vinyago, mikono mikubwa, maneno machache, na sikumbuki mtu aliyewahi kumfunga drafti.

Nimempigia simu Ouma, msimamizi wa tenti zangu. Ile kubwa nyeupe, nikamwambia. Pale pale pa siku zote.

Kabla ya uheshimiwa nilikuwa mtu wa kukodisha tenti na viti. Bado ndiyo biashara yangu, ila tangu nichaguliwe watu wa wadi hawalipi na mimi sithubutu kudai. Mheshimiwa Tenti, ndivyo wanavyoniita. Kufa kufaana, hunitania hivyo pia. Walinichagua kwa sababu karibu kila nyumba hapa imewahi kulia chini ya turubai langu. Sera sikuwa nazo.

Jumatano, 5 Machi

Tingatinga limefika. Limeegeshwa ukingoni mwa Bombani pamoja na rundo la mabati ya kuzungushia ua.

Bombani ndicho kiwanja cha mwisho tulichobakiwa nacho. Bomba lenyewe lilikauka zamani. Pande zote ni ghorofa, zimebanana hadi jirani akikata kitunguu wewe ndiye unayetokwa na machozi. Watoto wakitaka mpira, Bombani. Harusi, Bombani. Mtu akifa, watu hukaa matanga Bombani jioni baada ya jioni, wakiimba na kuchanga mpaka maiti isafirishwe kwao. Sasa kuna kampuni inasema pale ni pake. Inataka kuongeza ghorofa. Ina hati. Hati ilitoka wapi sijui. Niko bunge la kaunti mwaka wa tatu na sijui.

Nina hoja. Itajadiliwa tarehe kumi na nane. Ikipita, Bombani kinatengwa kama ardhi ya umma na kampuni itakwenda na hati yake. Ni kitu kimoja tu nilichowahi kuahidi nikiwa na maana.

Dereva wa tingatinga ni kijana, Kevo. Alishuka, akaona tenti, akavua kofia ya kazi. Aliuliza mazishi ni lini. Jumamosi, nikamwambia. Akasema sawa, basi Jumatatu. Hakuna dereva wa tingatinga anayepita juu ya matanga. Wanasema ukiyavunja ya wenzako, ya kwako yanafuata. Kampuni inaweza kumfuta kazi, hataliwasha.

Nimefurahi. Kisha nikahesabu vidole vyangu. Jumatatu haifiki tarehe kumi na nane.

Jumamosi, 8 Machi

Kitui. Jua kali, mavumbi mpaka kwenye meno. Tumemzika Mzee Kimanzi. Nilipewa kipaza sauti, nikasema mambo ya kawaida. Mama Syombua hakulia mbele za watu. Alikuwa akitazama tu jinsi vijana wanavyotumia jembe, kama mtu anayetaka kazi ifanywe vizuri.

Kwa mama yangu ni nusu saa tu kwa gari kutoka pale. Sikupita. Nilisema nina haraka.

Jumapili, 9 Machi

Ouma ameuliza kama ashushe tenti. Nimesema iache.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikiwaza ni nani mgonjwa. Mzee wa duka la mafuta ya taa ana kifua. Bibi mmoja wa ghorofa ya tano hajaonekana tangu Krismasi. Mtaa huu wetu wa Huruma haupiti wiki bila kilio, na wiki hii watu wote wamekuwa wazima ghafla. Usiku nilitega sikio dirishani nikingoja kusikia mtu akipiga ukemi. Mtu mzima, mwakilishi wa wananchi, nangoja mwananchi afe.

Najichukia. Lakini nilingoja.

Jumatatu, 10 Machi

Kevo alikuja asubuhi na wenzake. Mabati mabegani tayari. Mama Syombua hajarudi kutoka Kitui, kwa hiyo hata kibanda chake cha mboga kilikuwa kitupu. Tenti ilikuwa imesimama peke yake na viti vyake, bila mtu. Aibu kuitazama.

"Buda, si mlizika juzi? Sasa hii ni ya nani? Nani amededi tena?"

Nilikusudia kusema mengine. Nilikuwa na maneno ya sheria, hoja nambari fulani, kifungu fulani. Mdomo ukafunguka ukasema, "Mama."

Tu. Mama. Kwa sababu ni kifo ambacho hakuna mtu anayekutaka ukithibitishe.

Kevo alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akawaambia wenzake waweke mabati chini. Nikaona nimeanza, nikaendelea. Mazishi ni lini? Hatujui, tunamngoja mdogo wangu atoke Qatar.

Sina mdogo Qatar. Sina mdogo popote.

Jumanne, 11 Machi

Habari imeenda mbio kuliko umeme wa hapa. Kufikia saa nne watu walikuwa wamejaa langoni, na kwa mara ya kwanza tangu nichaguliwe hakuna aliyekuja kuomba. Walikuja kutoa. Mkaa. Sukari. Mmoja kuku. Yule wa kijana aliye seli ameleta viazi.

Nilitaka kukataa. Nani hukataa rambirambi? Ukikataa watauliza.

Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa Makongeni kwa dada yake. Aliambiwa na watu wa barabarani kwamba mama mkwe wake amefariki. Alirudi analia. Nikamweleza chumbani, mlango umefungwa. Alijifuta machozi. Kisha akasema, "Baba Mwende, umemuua mama yako kwa kiwanja." Hajanisemesha tena. Chakula ameacha mezani kimefunikwa.

Siku saba tu, nilitaka kumwambia. Tarehe kumi na nane nasimama, hoja inapita, halafu nitaomba radhi kwa kila mtu mmoja mmoja. Watanicheka. Watacheka wakiwa na kiwanja.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Syombua amerudi kutoka Kitui. Hakwenda kwake. Alishuka basi akaja moja kwa moja kwenye tenti na mzigo wake mgongoni. Bado amefunga kiunoni leso ya kumlilia mumewe. Akaketi karibu nami, hakusema pole, alikaa tu. Baada ya muda akaniletea chai kwenye kikombe cha bati.

Jioni alianzisha nyimbo yeye. Sauti imeshamkauka kwa ajili ya mumewe, na alichobaki nacho alikitumia kwa ajili ya mama yangu. Wanawake wengine wakaitikia. Tenti ilijaa mpaka watu wakasimama nje. Hata Kevo alikuwepo, na kitu alichokunja kwenye karatasi, cha kusaidia usafiri.

Mama Syombua aliniambia, "Lia, mwanangu. Usipolia sasa itakutokea kwa tumbo."

Nililia. Kweli kabisa. Watu wakafarijika kuniona.

Jumapili, 16 Machi

Wenzangu wa bungeni wamelipia tangazo la kifo redioni. Redio ya Kikamba, asubuhi na jioni. Walitaka kunishangaza kwa wema. Jina la mama, jina la kijiji, jina langu na cheo changu.

Nimejaribu simu ya Mama mara nyingi. Imezimwa. Huwa anaiweka chaji kwa jirani mwenye sola, akaisahau huko siku mbili tatu. Ningempigia Jumatatu ile ile. Au Jumanne. Nilikuwa nikijiambia kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa sauti yake.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu naiona mwisho wake kutoka hapa. Lakini ni siku mbili tu zimebaki. Bwana, siku mbili.

Jumanne, 18 Machi

Nilivaa suti nyeusi. Nilikuwa nimeandika hotuba, nimeisoma mbele ya kioo, nimekata yale ya majigambo. Ilikuwa nzuri. Mimi si msemaji lakini ilikuwa nzuri.

Kabla hoja yangu haijaitwa, kiranja wa walio wengi alisimama. Alizungumza kwa upole mwingi. Mwenzetu amefiwa na mzazi na bado amekuja kazini, huo ni ushujaa, lakini sisi ni Waafrika, hatuwezi kumlazimisha mtu kujadili mashamba na mama yake hajazikwa. Akaomba hoja iahirishwe hadi mwenye hoja atakapomaliza kuomboleza. Bunge likaafiki kwa sauti moja. Hata waliokuwa upande wangu. Hasa waliokuwa upande wangu, walinigeukia na nyuso za huruma.

Kisha Spika akatuomba tusimame dakika moja kwa heshima ya mama yangu.

Nilisimama. Nilitazama viatu vyangu. Nilijua neno moja tu lingeokoa hoja: yuko hai. Nilijua pia nikilisema mbele ya bunge, nimekwisha, na tenti imekwisha. Nikapima. Nilikuwa bado napima dakika ilipokwisha, watu wakaketi.

Bunge linaenda mapumziko kesho. Linarudi Juni.

Sijui kama kiranja alikuwa na huruma kweli au alikuwa upande wa kampuni. Haina tofauti. Mlango nilimfungulia mimi.

Saa mbili usiku simu ililia. Mama. Amesema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mutinda, watu wamejaa kwangu na jembe. Wanasema nimekufa Nairobi. Nimewaambia sijatoka hapa. Wewe unasemaje?"

Nilisema nitampigia kesho. Akakata.

Alhamisi, 20 Machi

Leo Mama amekuja.

Hakunipigia. Alipanda basi la alfajiri, akauliza njia, akaelekezwa na watu wasiomjua. Matanga ya mama wa mheshimiwa? Nenda moja kwa moja mpaka uone tenti nyeupe. Akaifuata njia hiyo, fimbo mkono mmoja, mfuko wa ndengu mkono wa pili. Alisema baadaye kwamba matanga hayaendi bila chakula.

Ilikuwa saa nane. Watu walikuwa wengi kwa sababu ya nyimbo za mchana. Aliingia akasalimia safu ya kwanza, mmoja mmoja kwa mkono. Wakamwitikia. Bibi mmoja akamsogezea kiti, Mama Syombua akamsogezea kikombe cha chai, kisha yule bibi akamuuliza yeye ni nani wa marehemu.

"Ni mimi," Mama akasema.

Wachache walicheka. Mmoja alikimbia. Halafu watu wote wakanigeukia, na mimi nikasimama kwa mazoea kama anayetaka kuhutubia.

Niliwaeleza. Bombani, hoja, tarehe kumi na nane. Nilieleza vibaya. Nilisikika kama mwanasiasa. Nilisema nilifanya kwa ajili yao, na niliposema hivyo nikaona nyuso zikifunga moja baada ya nyingine. Lau ningekaa kimya.

Mama Syombua aliinuka. Alifungua ile leso ya mumewe aliyokuwa ameifunga kiunoni siku zote hizi, akaikung'uta, akaifunga upya. Akachukua kikombe chake cha bati. Akaondoka, wanawake wakamfuata nyuma. Ningependa angenitukana.

Kevo alikuwa amesimama kwenye nguzo ya mwisho, kofia mkononi.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi mamangu alidedi kweli."

Akavaa kofia, akaenda kwenye tingatinga, akaliwasha. Hakungoja kesho. Ouma na vijana walikimbia kung'oa vigingi, viti wakavitupa pembeni. Tenti iliponea chupuchupu, imechanika upande mmoja. Kibanda cha mboga hakikupona. Mama Syombua hakuwepo kukitetea, na mimi niliyekuwepo nilikuwa nimemshika mama yangu mkono asianguke.

Watu walitazama kutoka madirishani. Wiki iliyopita wangelala mbele ya tingatinga kama ningewaomba. Nina hakika wangelala. Sikuwahi kuwaomba.

Mama alisema jambo moja tu tukielekea nyumbani. Ningemwambia tangu mwanzo, angekuja mwenyewe akae hapo kwenye kiti, mzima, na yeyote anayetaka kiwanja angempitia yeye. Alisema bila hasira. Kisha akauliza kama Mama Mwende ana chumvi, kwa sababu yeye alibeba ndengu tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mabati yamezunguka Bombani. Yamepakwa rangi ya buluu. Watoto wanachungulia kwenye matundu ya misumari.

Nimempeleka Mama kwenye basi. Nimezirudisha rambirambi, nyumba kwa nyumba, mimi na Ouma. Wengine walipokea bila kunitazama. Wengine walisema baki nazo. Kwa Mama Syombua mlango haukufunguliwa. Nilisikia redio ndani, na nilisikia ikipunguzwa sauti.

Langoni asubuhi hakuna mtu. Nimenawa uso kwa nafasi. Nimevaa, nimeketi barazani mpaka saa tatu. Hata wa karo hakuja.

Jumapili, 27 Aprili

Msingi umechimbwa. Usiku taa kali zinapiga mpaka chumbani kwetu.

Ouma ananiambia Mama Syombua anatembeza mboga kwa beseni, ngazi kwa ngazi, kila jengo. Presha inamsumbua na ngazi si kitu cha presha. Nimemtuma Ouma na pesa za kodi ya kibanda kwingine, aseme zimetoka kwake yeye Ouma. Amerudi nazo. Mama Syombua alimwambia, wewe Ouma huna pesa za aina hiyo.

Sina la kuandika. Mke wangu amerudi kunisemesha, mambo ya gesi na maji.

Jumanne, 3 Juni

Bunge limerudi. Nimeuliza kuhusu hoja yangu. Karani, kwa adabu, amenijulisha kwamba mahali husika hapapo tena. Haiwezekani kuhifadhi kiwanja ambacho ni ghorofa ya pili.

Kiranja alinishika bega kwenye ngazi. Alisema watu husahau. Alisema uchaguzi ujao nitoe tenti mpya.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Syombua amefariki. Ngazini, jengo lake mwenyewe, beseni kichwani. Ghorofa ya nne.

Ouma ndiye aliyekuja langoni. Familia inataka tenti. Hawakunitaja, walisema tu tenti. Nimesema ile nyeupe. Ameuliza tuisimamishe wapi.

Tulikaa pale tukitazamana, watu wawili ambao tumesimamisha tenti maisha yetu yote.

Jumamosi, 7 Juni

Wameiweka juu kabisa ya jengo lao, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji. Hapakutosha. Tumesimamisha nusu, ile nusu iliyochanika tumeikunja. Vigingi huwezi kupiga kwenye zege, kwa hiyo Ouma amefunga kamba kwenye matangi.

Nimebeba viti. Ghorofa saba. Vinne vinne mwanzo, halafu viwili viwili, halafu kimoja. Hakuna aliyeniambia niache, hakuna aliyeniambia asante. Nilipenda hivyo.

Wazee hawakuweza kupanda. Waliketi pale nguvu zilipowaishia, kwenye ngazi. Wengine ghorofa ya pili, wengine ya tatu. Matanga yakawa jengo zima. Juu walianzisha wimbo, na kila ghorofa ikaupokea ikiwa imechelewa kidogo, hadi waliokuwa chini walikuwa bado kwenye ubeti wa kwanza juu walipokuwa wamemaliza. Watu walilia wakitazamana migongo.

Mimi niliketi ghorofa ya nne. Si kwa kukusudia. Viti vilikuwa vimenimaliza. Kulikuwa na jani la sukuma limekwama kwenye pembe ya ngazi, limekauka. Sikuligusa.

Walipofika sehemu ya viongozi kusema neno, nilisikia mtu juu akiuliza kama kuna kiongozi. Hakuna aliyejibu. Sikujibu. Wakaendelea na maombi.

Nimerudi nyumbani saa tatu. Mama amepiga simu, kama anavyopiga kila jioni tangu Machi. Huwa anasema, "Bado niko," kisha anacheka kidogo, kisha anauliza hali. Leo nimemwambia kuhusu Mama Syombua. Alimkumbuka, yule aliyemsogezea kikombe cha chai kabla hajajua yeye ni nani. Nilisikia mbuzi wake.

Halafu akasema yeye hana wasiwasi, shamba lipo, watu watakaa chini ya jua kama wote. Akauliza, "Wewe je, Mutinda, watakukalia matanga wapi?"

Nimemwambia alale, ni usiku.